Maswali na majibu: programu ya ufuatiliaji wa mtandao inapokupa picha isiyo sahihi

Laini yetu kuu ni ya gigabiti 1 kwa sekunde. Watumiaji wanalalamika kuwa imejaa, lakini grafu inaonyesha matumizi madogo yanayopanda na kushuka ovyo. Nimwamini nani?

Waamini watumiaji, kisha kague kaunta. Ruta haiiambii programu kasi. Inahesabu tu baiti zinazopita. Programu huichukua hesabu ya sasa, ikatoa ile ya awali, ikagawanya kwa muda uliopita. Kaunta ya zamani ya baiti zinazoingia, ifInOctets, ni ya biti 32, hivyo ikifika baiti bilioni 4.29 hivi inarudi sifuri. Laini ya gigabiti 1 ikijaa, inafika hapo kila baada ya sekunde 34 hivi. Programu inayouliza kila dakika 5 inaweza kukisia kuwa kaunta imezunguka mara moja. Kwamba imezunguka mara nane haina namna ya kujua, na kasi inayochora haina maana yoyote.

Tumia ifHCInOctets na ifHCOutOctets, ambazo ni za biti 64. Toleo la 1 la SNMP, itifaki ambayo programu huitumia kuviuliza vifaa, haliwezi kuzisoma, kwa hiyo hakikisha kifaa kimesajiliwa kwenye programu kwa toleo la 2c au la 3. Kague kimoja kimoja, maana kifaa kilichosajiliwa zamani mara nyingi hubaki na mipangilio yake ya zamani.

Hata hapo wastani utaficha mengi. Laini ikijaa kabisa kwa sekunde 10 tu ndani ya dakika 5, grafu itaonyesha asilimia 3 na kidogo, ilhali simu za sauti zimeshakatikakatika. Ndiyo maana napenda grafu ya ifOutDiscards, yaani pakiti (vipande vya data) zilizotupwa wakati wa kutoka, iwekwe kando ya grafu ya matumizi. Ikipanda, kuna msongamano hata kama wastani unaonekana mtulivu.

Traceroute, zana inayoorodhesha ruta zilizo njiani, inaonyesha ruta ya nne inapoteza asilimia 40 ya pakiti. Nimpigie mtoa huduma?

Tazama kwanza ruta zinazofuata. Kama ya tano hadi ya mwisho hazipotezi kitu, hakuna tatizo. Ruta hupitisha pakiti za wengine kwa maunzi maalumu, lakini kukujibu wewe ni kazi ya kichakataji chake kikuu, na wasimamizi huweka kikomo cha majibu hayo makusudi ili kukilinda. Upotevu ukianzia hapo na kuendelea mpaka mwisho wa safari, piga simu, na uwe na vipimo vya kutoka pande zote mbili, kwa sababu pakiti zinaweza kurudi kwa njia nyingine kabisa.

Swichi inajibu ping, lakini programu inasema SNMP haijibu.

Ping hutumia itifaki ya ICMP. SNMP hupita kwenye itifaki nyingine, UDP, poti 161. Moja ikipita haina maana nyingine itapita. Kinachosumbua hapa ni kwamba kwenye toleo la 2c, neno la siri likikosewa kifaa hunyamaza tu, sawasawa na pale faiwoli inapozuia. Endesha snmpwalk, amri inayosoma data za kifaa kwa SNMP, kutoka kwenye seva ileile ya ufuatiliaji, wala si kwenye kompyuta yako, kwani orodha ya ruhusa ya swichi huenda inaitambua anwani moja na kuikataa nyingine. Kwa toleo la 3, angalia pia saa ya SNMP: ombi lililopishana na saa ya kifaa kwa zaidi ya sekunde 150 hukataliwa hata kama nywila ni sahihi.

Baada ya kuwasha upya swichi, grafu za poti zimebadilishana.

Namba za ifIndex, ambazo kifaa huzipa poti zake, zimepangwa upya. Iambie programu itambue poti kwa ifName, yaani jina lake. Kwenye vifaa vingi vya Cisco, amri ya snmp-server ifindex persist huzifanya namba zisibadilike.

Ruta moja ikianguka napata arifa mia. Nizizime?

Usizizime. Ieleze programu kifaa kipi kiko nyuma ya kipi, ili ruta ikianguka ipige kelele kwa ajili ya ruta peke yake, na vilivyo nyuma yake vihesabiwe kuwa havifikiki. Kisha arifa itumwe baada ya majaribio matatu mfululizo kushindwa, kwa kuwa pakiti moja ya UDP kupotea ni jambo la kila siku.