Usimchore Shujaa, Mchore Aliyekaa Benchi

Kabla hujapakua programu yoyote ya kuchorea, nenda kwenye kibanda cha sinema kilicho karibu nawe ukamsikilize VJ. Lipa kiingilio, kaa benchi la nyuma, na skrini usiitazame sana. Tazama watu.

Vijana wanaoniandikia kutaka ushauri wa kuchora vibonzo vya mtandaoni karibu wote huanza na vifaa: simu gani, kalamu gani, kompyuta ya bei gani. Vifaa nitavigusa mwishoni, na sitavigusa kwa muda mrefu. Kinachonisumbua ni michoro wanayoambatanisha. Goku mwenye misuli iliyopangika vizuri. Spider-Man ananing'inia kwenye ghorofa. Naruto anakimbia, mikono nyuma. Mkono wa mchoraji ni mzuri kweli, simnyimi mtu sifa yake. Ila Goku huyo Mjapani Akira Toriyama alishamchora tangu 1984, na hakuna mtu wa Busia wala Mbale atakayechoma bando lake ili amwone tena.

VJ analijua hili kuliko sisi wachoraji. Kwa msomaji wa mbali: VJ ni yule jamaa anayeshika maikrofoni na kuisimulia sinema ya kigeni juu kwa juu, hapa kwetu Uganda mara nyingi kwa Kiganda. Wakenya wana DJ Afro, Watanzania wanamkumbuka Lufufu. Ukimsikiliza kwa makini utagundua kwamba nusu ya anayosema haimo kabisa kwenye sinema. Gari likilipuka, anauliza mkopo wake sasa nani atamalizia. Shujaa akimkumbatia mpenzi wake, anakumbusha kwamba ukweni bado hajapeleka hata mbuzi. Jambazi wa Hong Kong anapewa jina la mtaa na deni la duka. Watu wanacheka mpaka benchi linalia, na ndani ya kicheko hicho kuna kila kitu mchoraji wa vibonzo anachohitaji kujifunza.

Nabwana I.G.G. na wenzake wa Wakaliwood, pale Wakaliga, Kampala, waliliona hilo wakalifanyia kazi. Sinema yao Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 ilizunguka dunia kupitia YouTube, na inayotazamwa ni ile yenye sauti ya VJ Emmie juu yake, anayeshangilia, anayetania, anayempigia debe hadi mwigizaji anayekufa. Jaribu kuiwazia bila sauti ile. Zinabaki bunduki za kuchonga na helikopta ya kompyuta. Mtazamaji wa Ulaya alidhani anacheka bunduki, kumbe aliyekuwa anamchekesha ni jirani mwenye maikrofoni.

Basi ushauri wangu ni huo ulio kwenye kichwa cha habari. Mchore mtu anayemtazama shujaa, au anayelazimika kuishi naye mtaa mmoja. Nikikwama hujiuliza swali moja: jambo hili la sinema likitokea hapa kwetu, nani atalalamika kwanza? Thanos, yule jambazi wa sinema za Avengers, akipiga kidole na nusu ya viumbe wakatoweka, wa kwanza kulalamika ni kikundi cha akiba, kwa sababu mweka hazina ni miongoni mwa waliotoweka na wanachama hawaamini hata kidogo kwamba ni Thanos. Mazombi wakiingia Old Taxi Park ya Kampala, konda atawapakia, wanne kwenye kiti cha watatu, na ugomvi utakuwa wa chenji.

Nieleze kibonzo kimoja kwa undani, maana ushauri bila mfano haushikiki. Black Panther ilipotoka 2018, sisi wa Uganda tulikuwa na haki ya kujigamba kidogo. Baadhi ya picha za Wakanda, nchi ya kubuni ya sinema hiyo, kutoka angani zilipigwa kwetu, kwenye milima ya Rwenzori na msitu wa Bwindi. Florence Kasumba aliyeigiza Ayo alizaliwa Kampala. Daniel Kaluuya ni mzaliwa wa London, lakini wazazi wake ni wa hapa. Kila mchoraji niliyemfahamu akawa anachora suti ile nyeusi ya mfalme wa Wakanda. Mimi nilimpanga mfalme foleni mpakani Busia.

Kisanduku cha kwanza: amesimama na suti yake, mbele yake mama mwenye beseni la nyanya, nyuma yake dereva wa lori anayepiga mswaki. Cha pili: ofisa anaomba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Cha tatu: ofisa anauliza thamani ya vibranium, yale madini ya Wakanda, kwa sababu bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000 hupita kwa cheti kile rahisi cha uasili, zikizidi hapo atafute wakala wa forodha, halafu anainua macho na kuuliza kama Wakanda ni mwanachama wa Jumuiya. Cha nne hakina maneno. Mama wa nyanya yuko ng'ambo tayari, amepita njia ya panya, na chini ya nyanya kuna kitu kinang'aa.

Suti niliichora kwa mistari michache tu, mtoto wa shule angeichora vizuri zaidi. Muda wangu niliumalizia kwenye beseni. Kata ya kitenge iliyosokotwa kichwani. Nyanya za juu nyekundu, za chini bado zina ubichi, kama wanavyopanga siku zote ili mteja asizione. Ukingo wa beseni umepasuka na kushonwa kwa uzi wa nailoni, mishono mikubwa ya haraka haraka. Mtu akiuamini mshono ule, vibranium haitamsumbua. Na ndivyo ilivyokuwa: wasomaji hawakuniuliza lolote juu ya mfalme, walitaka kujua yule mama anakaa mtaa wa Sofia au wa Marachi.

Jambo la pili ni maneno, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu sioni mtu mwingine akiliandika. Kiswahili kina vitenzi virefu. «Hawajatulipa» ni neno moja. «Wanaotusumbua» ni neno moja. Ukichora kiputo kwanza ukidhani utaingiza maneno baadaye, utaishia kuyapunguza mpaka hayasomeki kwenye simu, au utayakata katikati vibaya. Andika maneno kwanza, yazungushie kiputo, halafu mpe mhusika nafasi iliyobaki. Ikibidi kukata, kata mahali ambapo mdomo wenyewe unapumzika: «wanao-tusumbua», kamwe si «wanaot-usumbua». Viputo vyetu vitakuwa vipana kuliko vya Wamarekani, na vichwa vya wahusika vitashuka chini kidogo. Hakuna tatizo. Ukitazama vibonzo vya Juha Kalulu, ambavyo Edward Gitau alivichora miaka mingi kwenye gazeti la Kenya la Taifa Leo, utaona Kiswahili kilivyokaa kwa raha juu ya vichwa vya watu. Na mtu wa Uganda asiyejua vibonzo vya Ekanya vya James Tumusiime ana kazi ya nyumbani. Humo hamna shujaa hata mmoja anayeruka, kuna mtu tu na shida zake.

Milio nayo. Kwa nini pikipiki ikianguka Tororo iandikiwe mlio wa Marekani? Mtu akitumbukia majini ni chubwi. Mzigo ukianguka ni pu. Watu wakinyamaza ni jii, mlinzi wa usiku analala fofofo. Umeme unapokatika mimi hujaza kisanduku chote wino mweusi na kuandika neno moja kubwa, TOTORO. Mama zangu wanasoma giza, mashabiki wa anime, katuni za Kijapani, wanamtafuta Totoro, yule mnyama wa sinema ya Miyazaki, na kila upande unadhani kibonzo kimechorwa kwa ajili yake.

Kuna suala la Kiswahili chenyewe hapa Uganda, na sitaki kulizunguka. Tangu enzi za Amin, katika utani wetu mtu anayezungumza Kiswahili ni askari au mwizi. Baraza la mawaziri lilikubali 2022 kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima, lakini utani haubadilishwi na baraza la mawaziri. Ukichora kibonzo cha Kiswahili utashawishika kumpa mwenye bunduki maneno yote, kwa kuwa kicheko cha namna hiyo hakikosi. Ukikubali, umejifungia. Kwenye vibonzo vyangu Kiswahili ni cha mama wa chapati, cha dereva wa lori kutoka Mombasa, cha watoto wanaobishana kama Luffy wa One Piece angemshinda Superman. Ndicho Kiswahili ninachokisikia Busia kutwa nzima. Askari akitokea, nampa Kiingereza kizuri cha ofisini, na wasomaji wanaelewa.

Watu wazima wataniambia haya ni mambo ya watoto. Mwaka 2025 bendera ya maharamia wa One Piece, katuni ya Kijapani, lile fuvu lenye kofia ya majani, ilibebwa na waandamanaji Indonesia, Nepal na Madagascar, na kule Madagascar waliibadilisha kofia ikawa ya kwao. Sisemi mchoraji awe mwanasiasa. Nasema aliyebadilisha kofia ile alifanya kazi ileile ya VJ, na ningependa kumfahamu.

Sasa bando. Wasomaji wako wanalipia kila picha unayowatumia, usilisahau hili hata siku moja. Mwaka 2018 tulianza kulipa shilingi 200 kwa siku ili tu kuingia kwenye mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikaja ya asilimia 12 juu ya data yenyewe. Facebook ilifungwa hapa Januari 2021, na aliyetaka kuendelea nayo ikabidi apitie VPN, programu ya kukwepa kizuizi. Kwa hiyo kibonzo chako kitaishi WhatsApp, kitapita kutoka kikundi cha kanisa hadi kikundi cha steji ya boda, na jina lako likiwa limeandikwa pembeni litakatwa. Liandike ndani ya mchoro. Mimi huliweka kwenye mikungu ya ndizi, kwenye namba ya pikipiki, kwenye kibao cha kinyozi.

Upana wa pikseli 800 unatosha, mchoro ushuke chini kama wafanyavyo Wakorea ili msomaji asukume kwa kidole gumba. Hifadhi kwa JPEG. WhatsApp huzibana picha, na herufi nyembamba ndizo huumia kwanza, kwa hiyo tumia herufi nene na usiweke kijivu juu ya kijivu. Halafu fanya mtihani wangu: itume kwenye simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, toka nje saa saba mchana, uisome juani. Usipoweza kuisoma, abiria wa boda hataweza. Mchoro mkubwa wa asili weka mahali pawili tofauti, na pawili hapo pasiwe simu moja na kadi iliyomo ndani yake.

Pesa? Vibonzo vyenyewe havijawahi kunilipia kodi ya nyumba. Ukuta ndio hulipa. Shule za chekechea nchini hapa zinapenda kuta zenye wanyama na herufi, saluni zinataka vichwa vilivyosukwa, na mwenye shule atakuomba Mickey Mouse. Yule wa rangi nyeusi na nyeupe wa 1928 hakimiliki yake Marekani iliisha Januari 1, 2024, lakini mwenye shule anamtaka wa kaptula nyekundu, na huyo si wako kumchora kwa malipo. Mshawishi akubali sungura wako. Mwonyeshe mchoro wa rangi siku ileile ya kwanza, kabla hajataja bei, ukiwa na jina la shule kwenye fulana ya sungura. Mara nyingi hukubali kwa ajili ya fulana. Chukua nusu ya malipo kabla ya kufungua kopo la rangi, na rangi anunue yeye. Ukishapata wasomaji wa kutosha, nenda Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, na vibonzo vyako vilivyopangwa vizuri, upige vitabu vichache, uviuze mkononi. Ukifika huko simama kidogo utazame mabango ya kisiasa yanayochapwa mtaani hapo, marais na majemadari waliovishwa kama waigizaji wa sinema za vita. Ukubwa wa herufi, rangi zinazopigana, nyuso zinazokutazama wewe: jalada lako litafaidika.

Vifaa, kama nilivyoahidi. Kama una kompyuta, Krita ni ya bure na inatosha. Kama una simu tu, ibisPaint ni ya bure pia, uvumilie matangazo. Chagua moja na ukae nayo, acha kutazama video za watu wanaolinganisha programu. Kalamu ya skrini ni nzuri ukiipata, lakini kidole kinachora, ila kioshe kwanza mafuta ya chapati, kwa sababu skrini yenye mafuta hukuvutia mistari usiyoichora.