"Kwetu Hakuna Ugonjwa Huo"

Mwanangu alikuwa na miezi minane vidole vyake vilipovimba, mikono yote miwili, vinene na vya moto kama vimetoka kwenye maji ya chai. Ukimgusa tu, analia. Zahanati walisema ni meno. Nilipouliza kama inaweza kuwa sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, nesi akaniuliza kwetu ni wapi. Marangu, nikajibu. "Basi ondoa shaka, Wachaga hamna hiyo."

Nilimwamini, maana nimekua nikisikia hivyo. Tukapoteza miezi mitatu kabla ya kujua kuwa kweli ni sikoseli.

Na si kwamba nesi aliitoa hewani. Mtu aliyerithi chembe ya urithi ya sikoseli kwa mzazi mmoja tu hukingwa dhidi ya malaria kali, ndiyo maana imeenea sana Kanda ya Ziwa na Pwani. Huku juu migombani baridi ilipunguza mbu, chembe ikawa adimu. Lakini bibi mzaa mama alitoka Kahe, tambarare, kwenye mbu na mpunga. Baba wa mtoto ni wa Sengerema. Hakuna aliyetuuliza hayo, na sisi hatukuwaza kuyasema.

Ndugu yangu unayetaka kuoa au kuolewa, ulizia bibi na babu wa pande zote walitoka wapi, kisha mkapime hata kama majibu ya wazee yanawatuliza. Ombeni kipimo cha elektroforesisi ya himoglobini, kinachoonyesha aina za himoglobini zilizomo kwenye damu. Kile cha haraka cha zamani (sickling test) huonyesha kuwa chembe ipo, ila hakitenganishi mbebaji, aliyeirithi kwa mzazi mmoja, na mgonjwa, aliyeirithi kwa wote wawili. Mkiwa wabebaji wote wawili, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mgonjwa; aliyetangulia kuugua hamkingi anayefuata.

Wengine mnatumiwa vipimo vya vinasaba vya mate na ndugu walioko Marekani. Vikisema uko salama, msibweteke. Utafiti mwingi wa vinasaba umefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walipima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakakuta mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha kunywa maziwa ukubwani si yale ya Wazungu. Ukitafuta yale ya Ulaya peke yake, Mmasai wa Monduli utamwambia maziwa hayamfai.

Mwanangu sasa yuko darasa la tatu. Anameza dawa zake, foliki na haidroksiyurea, kila siku, na chupa ya maji haitoki begini.

Mdogo wangu anaolewa Desemba. Jumatatu nilimsindikiza yeye na mchumba wake wakatolewe damu. Yake imetoka: ni mbebaji. Ya mwenzake tunaisubiri.