Kabla Hujaenda Kuwaona Sokwe wa Sweetwaters

Ukiishi Nairobi na ukataka kuwaona sokwe kwa macho yako, kuna mahali pamoja tu humu nchini: kituo cha Sweetwaters, ndani ya hifadhi ya Ol Pejeta, kaunti ya Laikipia. Kenya haina sokwe wa porini. Hawa waliletwa, na walichokimbia si kidogo. Vita vilipozuka Burundi mwaka 1993, kituo cha sokwe yatima kilichokuwa Bujumbura hakikuwa salama tena. Ol Pejeta, KWS (shirika la serikali la wanyamapori) na taasisi ya mtafiti wa sokwe Jane Goodall wakakubaliana sokwe wale wahamishiwe huku, na baadaye wakaongezeka wengine waliookolewa kwingineko.

Wasimulie watoto haya mkiwa bado njiani. Nimeandamana na jamaa na majirani wa kila aina, na nimeona kwamba anayefika bila kujua habari zao hupiga picha mbili tatu, akaanza kuulizia chakula. Anayezijua husimama pale uani mpaka aitwe. Mimi huanza na habari za Poco. Kule Burundi alifungiwa miaka mingi ndani ya tundu lililotundikwa kwenye gereji ili kuvutia wateja, tundu jembamba asiloweza kufanya lolote ila kusimama wima. Hata alipopata uwanja mpana, aliendelea kutembea kwa miguu miwili. Mwambie mtoto hilo, halafu umwache aulize maswali yake.

Safari yenyewe haina ugumu. Kutoka Nairobi hadi Nanyuki ni takriban kilomita 200, kupitia Thika, Sagana na Karatina, na matatu zipo. Ondoka alfajiri, kabla Thika Road haijajaa. Beba kitambulisho, kwa kuwa Mkenya hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni, na sweta pia, maana upepo wa Mlima Kenya hauna huruma hata jua likiwaka. Kituo cha sokwe hufunguliwa kwa saa maalumu, si kutwa nzima, kwa hiyo ulizia mapema. Kama utapenda kuwaona pia Najin na Fatu, faru weupe wa kaskazini wawili waliobaki duniani, tafuta pa kulala Nanyuki. Kubana yote katika siku moja ni kuwanyima wote haki yao.

Ukifika uani, punguza sauti. Ua una umeme, na mhudumu atakuonyesha pa kusimama, msikilize. Sokwe wanaishi katika makundi mawili yaliyotenganishwa na mto Ewaso Ng'iro, na kwa kuwa hawajui kuogelea, hakuna anayevuka kwenda kuzua ugomvi. Usirushe chakula wala usipige kelele ili wakutazame. Kaa kimya uangalie. Safari moja nilitazama jike akichambua manyoya ya bega la mwenzake, akiyapasua taratibu kwa vidole kama mama anayemsuka bintiye Jumapili jioni. Mwenzake alikuwa amefumba macho. Kando yetu kijana mmoja alikuwa akimkenulia dume lililokuja karibu, nalo likakenua. Mhudumu akamwambia kwa upole, "Kijana, usimwige. Akitoa meno hivyo hacheki, ameingiwa na hofu." Yule kijana akafunga mdomo, akarudi nyuma hatua moja.

Watoto watauliza mbona hawarudishwi msituni. Wajibu bila kuficha. Wengi walinyakuliwa wakiwa wachanga, na ili mwindaji ampate mtoto wa sokwe, kwa kawaida humuua mama kwanza. Mtoto huyo hakupata wa kumfundisha kuishi porini, na sokwe wa huko hawampokei mgeni, wanaweza kumuua. Ndiyo sababu majike hapa hupewa dawa za kupanga uzazi: kituo kipo kwa ajili ya walioumizwa, hakitaki kuzalisha wafungwa wapya.

Kwa hiyo ukiona mahali popote, au video yoyote kwenye simu, ambapo mgeni anambeba mtoto wa sokwe au amemvisha nguo, jiulize mama yake yuko wapi. Usilipie, wala usiisambaze. Kituo cha kweli hakiruhusu mgeni amguse sokwe.

Ninalolikazania kuliko yote ni mafua. Miili yao inakaribiana mno na yetu, na maradhi yetu ya kifua huwapata. Mwaka 2013, katika msitu wa Kibale, Uganda, virusi ambavyo kwetu ni mafua tu viliua sokwe watano. Mtoto akiamka anakohoa siku ya safari, piga simu uahirishe, hata kama sweta na vyakula vimeshapakiwa garini.