Maswali ya Wasomaji: Ujumbe wa Utetezi Dhidi ya Utapiamlo wa Watoto Umfikie Nani?

Swali: Ndugu mshauri, mimi ni katibu wa kikundi kinachoshughulikia afya ya mama na mtoto. Tulichapisha mabango na vipeperushi vyenye maneno "Tushirikiane kutokomeza utapiamlo kwa watoto wetu". Viongozi walivipokea kwa makofi, lakini hakuna kilichobadilika. Tumekosea wapi, na ujumbe wa utetezi huandikwaje?

Jibu: Ndugu katibu, maneno yenu ni ya kweli, ila hayamtaji mtu wala tendo. Kiongozi anayesoma bango hilo hukubaliana nalo, akapiga makofi na kurudi ofisini bila kudaiwa lolote, kwa sababu neno "tushirikiane" linamhusu kila mtu na kwa hiyo halimbani yeyote. Utetezi ni kumwendea mwenye mamlaka na kumwomba afanye uamuzi fulani ulio ndani ya uwezo wake. Elimu ya lishe ni kazi nyingine, yenye heshima yake, inayomlenga mzazi au mlezi ili ajue, kwa mfano, kwamba mtoto anastahili kunyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aanzishiwe vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi afikie miaka 2 au zaidi. Kazi hizo mbili zikichanganywa katika karatasi moja, lawama humwangukia mama. Inanisikitisha kila ninaposoma waraka ulioandikwa kwa ajili ya watunga sera halafu nikakuta kurasa zake nyingi zinamhimiza mama anyonyeshe, ilhali mama huyo hana likizo ya uzazi ya kutosha wala maji safi, na hana kura katika kikao cha bajeti.

Kwa hiyo anzeni kwa kulitenganisha tatizo lenyewe, maana utapiamlo una sura kadhaa na kila sura ina mwamuzi wake. Udumavu, yaani urefu mdogo kulingana na umri, hujengeka polepole, hasa katika zile siku 1000 zinazoanzia mimba kutungwa hadi mtoto atimize miaka 2. Madai yanayouhusu yaende kwa wanaoamua juu ya huduma za wajawazito, maji, usafi wa mazingira na likizo ya uzazi. Ukondefu, yaani uzito mdogo kulingana na urefu, unaweza kuja ndani ya wiki chache na kuhatarisha maisha ya mtoto, na madai yake humhusu zaidi yule anayeidhinisha ununuzi wa vyakula tiba, yaani vyakula maalumu vya kumtibu mtoto mwenye ukondefu mkali, na kuhakikisha vinafika vituoni. Upungufu wa vitamini na madini nao una mlango wake: viwanda, wakaguzi wa ubora na sheria za urutubishaji wa vyakula, yaani kuviongezea vitamini na madini vinapotengenezwa.

Mkishachagua sura moja, ulizeni "kwa nini" bila kuchoka. Mwaka 1990 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, lilitoa mchoro wa visababishi vya utapiamlo ambao bado ni msaada mkubwa kwa kazi hii. Karibu kabisa na mtoto kuna ulaji duni na maradhi. Nyuma yake kuna uhaba wa chakula katika kaya, upungufu wa matunzo, na huduma hafifu za afya, maji na usafi. Nyuma zaidi kuna mgawanyo wa rasilimali na madaraka katika jamii. Tuseme watoto wa eneo fulani wanaharisha mara kwa mara na hawaongezeki uzito. Kwa nini wanaharisha? Wanakunywa maji yasiyo salama. Kwa nini, wakati kisima kipo? Pampu imeharibika. Kwa nini haijatengenezwa? Fedha za matengenezo zilitengwa lakini hazijatolewa. Nani hutia sahihi ili zitolewe? Mkimpata mtu huyo kwa cheo chake, mmempata mlengwa wa ujumbe wenu, na bango la jumla halitahitajika tena.

Baada ya hapo ujumbe wenyewe hauwi mrefu. Ungeweza kusomeka hivi: "Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati ya fedha, watoto wenye ukondefu mkali wanaofikishwa katika vituo vyetu wanarudi nyumbani bila vyakula tiba, kwa kuwa fedha zilizotengwa kwa ajili hiyo hazijatolewa. Tunaiomba kamati yako iidhinishe kutolewa kwa fedha hizo kabla ya robo hii ya mwaka wa fedha kwisha, na taarifa ya matumizi isomwe katika kikao kinachofuata." Humo yumo anayeombwa, limo jambo linaloombwa, umo muda, na imo njia ya kujua kama limetendeka.

Kuhusu takwimu, chukueni chache. Ya kwanza iwe ile iliyotoka katika daftari la kituo chenu cha afya, kwa sababu kiongozi anaweza kuihakiki mwenyewe. Takwimu za dunia ziisindikize tu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba karibu nusu ya vifo vya watoto walio chini ya miaka 5 vinahusishwa na lishe duni, na hilo linamgusa mtu wa afya. Ofisa wa fedha atasikiliza zaidi mkimweleza kwamba Benki ya Dunia, katika makadirio yake ya mwaka 2024, ilisema kila dola 1 inayowekezwa katika kupambana na utapiamlo inaweza kurudisha takriban dola 23 kwa uchumi. Mkiweza, mwalikeni mwamuzi kliniki siku ya kupima watoto, wazazi wakiwa wameridhia, aone utepe ukizungushwa kwenye mkono wa juu wa mtoto wa kati ya miezi 6 na 59. Chini ya milimita 115 utepe husoma nyekundu, yaani ukondefu mkali. Kuanzia 115 hadi 124 husoma njano, na 125 kwenda juu ni kijani. Aliyeuona wekundu ule kwa macho yake hahitaji kusomewa maelezo marefu.

Swali: Kila tunapozungumzia udumavu, kiongozi mmoja mwenye ushawishi hutujibu kwamba watoto wa kwetu ni wafupi kwa asili, kama walivyokuwa babu zao. Tumjibu nini bila kumvunjia heshima?

Jibu: Hoja hiyo ni ya zamani, na imeshafanyiwa utafiti wa kina. Kati ya mwaka 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani liliratibu utafiti wa watoto wapatao 8,500 katika nchi za Brazil, Ghana, India, Marekani, Norway na Oman. Walichaguliwa watoto waliokuwa wakilelewa katika mazingira mazuri: waliishi bila vikwazo vikubwa vya kiuchumi, walinyonyeshwa ipasavyo, na mama zao hawakuvuta sigara. Pamoja na tofauti zote za asili zao, ukuaji wao ulilingana kwa kiasi kikubwa, na kutokana nao vikatolewa viwango vya ukuaji vya mwaka 2006 vinavyotumika kliniki hadi leo.

Ni kweli kwamba mtoto mmoja mmoja anaweza kurithi ufupi, na mkubalieni kiongozi wenu hilo mapema, kwa kuwa ni haki yake. Lakini hapa tunaipima jamii nzima. Katika jamii yenye lishe bora, watoto 2 au 3 tu kati ya 100 ndio wanaoangukia chini ya mstari unaotumika kutambua udumavu. Pale wanapokuwa 20 au 30 kati ya 100, urithi peke yake hauwezi kulieleza jambo hilo. Mwelezeni pia kwamba urefu ni alama tu ya nje, maana lishe duni iliyouzuia mwili kurefuka huudhuru pia ubongo katika kipindi unachokua kwa kasi, na sehemu kubwa ya madhara hayo ni vigumu kurekebishwa baada ya miaka 2. Mazungumzo haya yafanyeni faraghani kabla ya kikao, akiwa na nafasi ya kuuliza na kubadili mawazo bila kutazamwa na watu, kwani kiongozi aliyepingwa hadharani hulazimika kuitetea kauli yake hata pale anapoanza kuitilia shaka.

Swali: Kampuni inayouza maziwa ya kopo ya watoto wachanga imejitolea kugharamia kampeni yetu yote. Tukubali?

Jibu: Hapana. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mwaka 1981 kanuni ya kimataifa ya uuzaji wa vyakula mbadala wa maziwa ya mama, ambayo inakataza bidhaa hizo kutangazwa kwa umma. Kampeni ya lishe yenye nembo ya muuzaji ni tangazo hata kama halitaji bei, na siku mtakapodai sheria ya kudhibiti matangazo hayo hakuna atakayewasikiliza. Kataeni kwa barua ya adabu. Wala kukataa huko kusigeuke kuwa maneno makali dhidi ya mama ambaye kwa sababu za kiafya hawezi kunyonyesha. Huyo anahitaji ushauri wa mtaalamu na huruma yetu.

Swali: Je, ni sawa kutumia picha za watoto waliokonda sana ili kuwagusa viongozi?

Jibu: Mimi nisingezitumia. Mtoto huyo atakua, na picha itabaki. Zaidi ya hayo, picha za namna hiyo humfanya mtazamaji aone utapiamlo ni ukondefu wa kutisha tu, asahau udumavu usioonekana kwa macho. Mkihitaji picha, onyesheni mhudumu akipima, au mtoto aliyepata nafuu, kwa ridhaa ya mzazi aliyeelezwa wazi picha itatumika wapi.

Swali: Tutajuaje kwamba ujumbe wetu umefanya kazi?

Jibu: Msihesabu waliohudhuria wala vipeperushi vilivyogawiwa. Andikeni katika daftari moja kila ombi, jina la ofisi iliyoombwa, tarehe ya ahadi na kilichotendeka. Kwa upande wa fedha, fuatilieni safari yote: zilizotengwa, zilizotolewa, zilizotumika, kwa kuwa ahadi nyingi hupotelea kati ya hatua ya kwanza na ya pili. Ombi likikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi, kisha ziambatisheni kwenye barua mtakayoipeleka ngazi ya juu.