Kabla hujatega nyavu, jua kwanza sato anazalia wapi

Wadau habari zenu, leo naongea na vijana mnaoingia kwenye uvuvi huku Ziwa Victoria, wale mnanunua mtumbwi na nyavu alafu mnatega popote. Mi nilianza hivyo hivyo. Nimekulia Ukerewe, na hela yangu ya kwanza niliipata kwa kuvuta kokoro ufukweni, ule wavu mrefu wa matundu madogo unaoburuzwa chini mpaka nchi kavu, tunavuta asubuhi tunajaza ndoo ya samaki wadogo wa kukaanga tunaona siku imeenda vizuri.

Sasa siku moja akaingia sato jike mkubwa tu, nimemshika nimtoe kwenye wavu akatema mayai, ya njano, madogo kuliko punje za mtama, yakamwagika mchangani miguuni kwangu. Mzee tuliyekuwa naye akaniambia huyo alikuwa analea, umeua na watoto. Iliniuma kwakweli, na ndo nikaanza kuuliza uliza.

Iko hivi. Sato dume anachimba shimo la duara kama sinia kwenye mchanga au tope, maji ya kina kifupi, analilinda asisogee mwenzake. Jike anakuja anataga, dume anayarutubisha, alafu jike anayaokota yote kwa mdomo anaondoka nayo. Yanaanguliwa humo humo mdomoni baada ya siku chache, na vifaranga hata wakishaanza kutoka wakiona hatari wanarudi mbio mdomoni kwa mama, yaani hiyo kazi inaweza kufika wiki mbili na muda wote huo mama hali karibu chochote. Na mayai yenyewe ni mamia, akiwa mkubwa sana labda elfu mbili hivi. Kokoro ikipita hapo inakwangua mashimo yote, inabeba mama na inabeba watoto waliojificha kwenye majani, ndo maana imepigwa marufuku, sio kwamba serikali inakuonea.

Sangara ni habari nyingine kabisa. Yeye anataga mayai mamilioni kwenye maji ya wazi na anayaacha yaelee, halei mtu. Ukisikia hivyo unaweza kudhani hawezi kuisha, lakini wa chini ya sentimita 50 wengi hawajawahi kuzaa hata mara moja, na majike wakubwa ndo wenye mayai mengi zaidi. Kile kipimo cha sangara wa kuruhusiwa kuvuliwa, sentimita 50 mpaka 85, tulichokuwa tunakilalamikia mwaloni tunaposhusha samaki, kilitokana na hesabu hiyo.

Na ningu je? Bibi yangu alikuwa anamsifia huyu samaki mpaka unatamani, mi nimemla mara chache sana. Ningu mvua zikianza kunyesha anapanda mito, kama Mara na Kagera, akazalie huko juu, na watu wakajua hiyo njia wakawa wanaziba midomo ya mito kwa nyavu, wanawakamata wakiwa na mayai tumboni kabla hawajafika. Ukifanya hivyo miaka na miaka samaki anarudi kutoka wapi? Kwahiyo masika nakuomba, mdomoni mwa mto usitege.

Mnaofuga samaki kwenye mabwawa nanyi msikilize kidogo, sato anaanza kuzaa akiwa na miezi michache tu, nilichanganya madume na majike bwawani likajaa vitoto vinagombania chakula, msimu mzima nikavuna samaki wa kiganja. Nunua vifaranga madume watupu. Kwenye vizimba, yale mabanda ya wavu yanayowekwa ziwani, shida hiyo ni ndogo, mayai yanapita kwenye matundu ya wavu yanazama kabla mama hajayaokota.

Ukitaka kujua mazalia yako wapi, nenda asubuhi ziwa likiwa limetulia, pita polepole kando ya matete na mafunjo uangalie chini, utaona mashimo ya duara yamekaa karibu karibu. Hapo toka, sogea kwenye maji marefu ukatege na nyavu za matundu makubwa. Na kama amenasa jike ambaye chini ya kidevu pametuna, usimnyanyue juu, mtoe kwenye wavu akiwa bado ndani ya maji, taratibu bila kumtikisa, maana akishayatema mayai ndo basi.