Shemeji Alilipwa Kweli

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, kuna mchezo unaweka laki moja, baada ya mwezi unatoa mbili. Jirani yangu kalipwa, meseji ya muamala nimeiona kwa macho yangu. Naona hoja yake ina mashiko. Niingie?"

Nilicheka, halafu tumbo likanisokota. Meseji ya muamala ndiyo iliyonimaliza mimi.

Sekondari nilikuwa bingwa wa midahalo. Nilijua hoja mbovu nitaisikia harufu tangu mlangoni. Shemeji akaja, chai ikaletwa, akafungua simu: laki nne zimeingia. Nikambana, biashara yenyewe ni ipi? "Shem, mimi naongelea hela, wewe unaongelea biashara. Hii siyo hela?" Nikakosa jibu. Bingwa mzima! Kesho yake nikapeleka laki sita za bati. Hazijarudi mpaka leo, na shemeji tukikutana kwenye shughuli husema "tuliteleza". Tuliteleza na nani?

Ila hakunidanganya. Alilipwa kweli. Nilichoshindwa kujiuliza ni hiki: kama mchezo ule ni wa kitapeli, asingelipwa? Angelipwa vizuri tu. Tapeli Charles Ponzi, kule Boston, Marekani, mwaka 1920, aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45, akawalipa wa mwanzo kwa fedha za waliofuata. Alidai faida inatokana na kununua na kuuza kuponi za posta, yaani vocha za kubadilisha na stempu. Hesabu zilipopigwa, ili biashara hiyo iwe ya kweli zilihitajika kuponi kama milioni 160. Zilizokuwa zikizunguka ni kama 27,000. Waliokuwa wakitamba na malipo yao mitaani hawakusema uongo hata kidogo, ila malipo hayo hayakuthibitisha kitu.

Kwa hiyo dada yangu, ukionyeshwa ushahidi, uliza: hata kama jambo hili ni uongo, ushahidi huu ungeonekana hivihivi? Ukiona ndiyo, uweke pembeni, dai ushahidi mwingine. Uliza tena na tena. Sisi tunapenda mno msemaji hodari, tunapiga makofi kabla hatujauliza hela inatoka wapi. Anayeuliza tunamwona mnoko.

Na jirani akikwambia una roho ya umaskini, hajajibu swali. Mimi niliambiwa hivyo mbele ya mke wangu, nikaona aibu, nikanyamaza. Jiko letu bado ni la makuti.