Kibao kinaondoaje foleni kwa kupunguza spidi?

Ndugu yangu, umeuliza vibao vya taa vya barabara kuu za Uingereza vinaondoaje foleni wakati vinawaamuru watu wapunguze mwendo. Kweli linaonekana jambo la kinyume.

Chukulia hapa Nyakato, Mwanza, saa moja asubuhi. Daladala inachomoka kituoni, gari la nyuma linashika breki ghafla, la tatu linashika zaidi, la kumi linasimama kabisa. Daladala imeshafika Buzuruga, huku nyuma watu wanapiga honi hawajui hata kilichowasimamisha. Foleni nyingi huzaliwa hivyo, ajali hakuna.

Barabara kuu ya M25, ile inayoizunguka London, ilianza mfumo huu wa vibao mwaka 1995. Nyaya zilizofukiwa kwenye lami zinahesabu magari na kupima mwendo wake. Yakianza kubanana, kibao kinashusha kikomo kutoka maili 70 kwa saa hadi 60, 50, hata 40. Wote wakienda mwendo mmoja, breki za ghafla zinapungua, na kugongana kwa nyuma pia. Kamera za kunasa wanaozidisha mwendo zipo, kwa hiyo hakuna ubishi. Ukiona X nyekundu juu ya njia yako, hama: imefungwa, huenda kuna gari bovu au mafundi mbele.

Sisi bado tunategemea matawi ya miti yaliyotupwa barabarani na dereva anayekuwashia taa kutoka mbele. Mimi ningeanza na kibao kimoja tu, pale Kigongo kabla ya kupanda daraja la Ziwa Victoria, kituonye mvua na upepo wa ziwa.